Kabla Hujalikata Sega

Mwanangu, jana jioni nilikusikia ukizungumza na fundi kwa simu. Sikukusudia kusikiliza, ila ukuta wa bati hauna siri. Ulimwambia gari limekosa nguvu. Ukikanyaga mafuta linalia tu, halisogei. Akakwambia kataliti imeziba. Ukamuuliza dawa yake, akasema ni kuikata. Ukajibu, sawa, kesho saa nne.

Saa nne haijafika. Kaa kidogo. Chai hii ni ya maziwa ya ngamia, haipendi kunywewa na mtu aliyesimama.

Najua una haraka. Una mzigo wa Dadaab, una deni la gari, na wenzako wanakupita barabarani wakikupigia honi. Mimi pia nilikuwa na haraka. Nilikimbia miaka arobaini, na leo ukiniuliza niliwahi wapi, nitakutazama tu.

Sina cheti cha ufundi. Nilianza nikiwa taniboi wa lori la kwenda Wajir na Mandera, siku ambazo safari hiyo ilikula siku kadhaa, na mvua ikinyesha ikala majuma. Kazi yangu ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya tairi kila lori liliposimama mlimani, na kumshikia fundi tochi usiku. Kwa mawe na tochi nikalijua gari. Baadaye nikaendesha lori lenyewe, kisha matatu ya Nairobi, kisha nikanunua gari langu dogo, Probox. Mambo ya lori nilifundishwa na wazee. Mambo ya Probox nilijifunza kwa kuiharibu.

Hebu nikueleze kwanza hicho unachotaka kukikata, maana nilipokikata mimi sikukijua. Nilikiona kama uvimbe kwenye bomba, nikadhani ni sailensa ya pili.

Kati ya injini na sailensa kuna kidude cha chuma chenye umbo la mkate. Ndani yake mna kauri iliyotobolewa maelfu ya matundu membamba, yamepangana kama sega la nyuki. Ndiyo sababu mimi naliita sega. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ghali: platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu kwa gari dogo kama lako. Moshi wa injini unapopita humo hukutana na yale madini ukiwa moto, ukageuka. Kaboni monoksidi, ile gesi inayoua watu usingizini penye jiko la makaa, hugeuka kaboni dioksidi. Petroli ambayo haikuungua yote humalizia kuungua humo. Oksidi za nitrojeni, zinazowasha macho na kifua, huvunjwa zikawa nitrojeni, hewa ileile tunayoivuta kila siku.

Usilifikirie kama kichungi cha chai kinachojaa makapi halafu kinatupwa. Sega halikusanyi kitu. Likiwa zima na injini ikiwa nzima, linaweza kuishi umri wa gari. Kwa hiyo mtu akikwambia limeziba, swali la kwanza ni hili: limezibwa na nini?

Swali hilo sikuliuliza.

Lakini nisimlaumu fundi wako. Desturi ya kulikata ilikuwa na sababu yake zamani, na sababu hiyo niliiona kwa macho yangu. Aliyebuni kifaa hiki, Eugene Houdry, Mfaransa aliyehamia Marekani, alikihangaikia miaka ya 1950, lakini kwenye magari ya watu hakikuweza kudumu. Petroli ya siku hizo ilitiwa madini ya risasi. Risasi ilipofika kwenye sega iliyafunika yale madini mengine, na sega likafa. Wamarekani walianza kuyafunga masega kwenye magari yao mapya ya mwaka 1975, na iliwabidi kwanza kuweka pampu za petroli isiyo na risasi.

Sisi tulikuwa bado. Magari ya mitumba ya Japani yalipoanza kumiminika miaka ya tisini yalikuja na sega lake safi, na sisi tukayanywesha petroli ya risasi. Baada ya muda sega lilikuwa limekufa, limebaki kizuizi tu njiani. Fundi akilitoa, gari lilipata pumzi na hakuna kilichopotea, maana kilichotolewa kilikuwa maiti. Mafundi wakafundisha vijana wao hivyo, na vijana wakafundisha vijana wao.

Kisha mwisho wa mwaka 2005 Kenya ikaacha petroli ya risasi, na kufikia Januari 2006 nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha. Mwaka 2021 Algeria ikaacha pia, ya mwisho duniani, na habari hiyo ikatangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapo Gigiri, Nairobi. Risasi iliondoka. Nyundo ikabaki.

Sasa sikiliza yangu.

Ilikuwa mwaka 2011, mwaka wa ule ukame mkubwa. Watu walikuwa wakimiminika kambini Dadaab kutoka Somalia, wengine kwa miguu, na barabara ya kutoka hapa mjini ilijaa magari usiku na mchana. Kazi ilikuwa tele. Sikulala, na gari halikulala. Oili nilikuwa naongeza tu, sibadilishi. Kila wiki nusu lita, kisha lita. Nikijiambia kwamba gari la kazi lazima linywe kidogo, kama mzee na chai yake.

Gari likaanza kuchoka. Tambarare lilikwenda vizuri, si unajua Garissa hakuna mlima hata wa kumwonyesha mtoto. Lakini nikipita Ukasi kuelekea Mwingi, nchi inapoanza kuinuka, likawa linavuta pumzi kama ng'ombe aliyebeba mimba kubwa. Malori yakawa yananipita. Nikaona aibu. Mtu wa Probox kupitwa na lori!

Nikampelekea kijana mmoja mwenye gereji chini ya mti. Akaligonga sega kwa spana, akasikiliza, akasema limeziba. Hakusema uongo, lilikuwa limeziba kweli. Akalikata, akaivunja ile kauri kwa nondo, akaimwaga mchangani, akarudisha bomba tupu na kulichomelea. Kazi yote haikumaliza saa moja. Kulikuwa na mtoto amekaa pale anachezea vumbi la ile kauri, na hakuna mtu mzima aliyemwondoa. Leo najua vumbi lile halifai kuingia kifuani mwa mtu yeyote, fundi wala mtoto. Siku ile nilikuwa natazama saa.

Nikaliwasha. Mwanangu, liliruka! Nilivuka daraja la Tana kwenda Madogo na kurudi kwa furaha tu, sina ninachofuata. Nikamsifu yule kijana kwa kila mtu. Watu wanane au kumi niliwatuma kwake.

Hapo ndipo ulipo mtego. Sega likiwa limeziba kweli, ukilitoa gari litapata nguvu siku hiyohiyo. Utaamini umepona. Hivyo ndivyo anavyoona kila aliyekata, na ndivyo anavyowahadithia wenzake. Miezi inayofuata hakuna anayeihadithia.

Yangu ilikuwa mitatu. Harufu ya petroli mbichi ikawa inanifuata nguoni. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, nami nikaibandikia kipande cha karatasi. Ndiyo, karatasi. Moshi wa buluu nikauona asubuhi, nikasema ni baridi, hapa Garissa, penye joto linalokausha nguo kabla hujazianika! Siku moja tulikuwa tunakwenda Nairobi, mimi, mama watoto na binti yetu mdogo. Alikuwa na miaka sita, amelala kiti cha nyuma. Kabla ya Ukasi akaamka analia kichwa. Tukasema ni jua. Ukasi akatapika. Tukamnunulia soda, tukampumzisha kivulini, akachangamka, tukaendelea. Akalala tena. Na kichwa kikarudi.

Mbele ya Nguni injini ikagonga mara mbili na kunyamaza. Hapakuwa na oili hata tone la kulowesha kijiti.

Tulivutwa hadi Mwingi kwa kamba. Huko tulipata fundi mzee, Mkamba mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakuanza na injini. Alilala chini ya gari muda mrefu, kisha akaniita nilale pale kando yake, na kanzu yangu. Akanionyesha pale palipochomelewa. Palikuwa na ufa mwembamba, na kuanzia kwenye ufa ule masizi meusi yamejichora kwenye sakafu ya gari mpaka nyuma, mpaka penye mpira wa mlango uliokatika. Akaniuliza, "Nani anakaa nyuma?" Sikumjibu. Binti yangu alikuwa amesimama pale anakula ndizi.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu ikakaa mahali pa oksijeni. Ufa kwenye ekzosi ni hatari kwa gari lolote, lakini sega likiwepo na likiwa zima, gesi hiyo inayopita nyuma yake huwa imepunguzwa sana. Mimi nilitoa sega, kisha nikatoboa njia ya kuipeleka moja kwa moja kwa mtoto aliyelala. Na nililipa pesa nifanyiwe hivyo.

Yuko salama, alhamdulillahi. Ameolewa, yuko Isiolo, hata hakumbuki. Mimi ndiye ninayekumbuka.

Yule mzee akamaliza kufungua injini kesho yake. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha kitambo. Oili ilikuwa inapanda, inaungua na petroli, inapelekwa kwenye sega, na majivu yake yanajenga ukoko juu ya yale madini. Sega liliziba kwa oili yangu. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kikamba, "Mzee, huyu alikuwa anakohoa kwa sababu nyumba inaungua. Wewe ukamkata pua." Nikacheka. Kisha akaniambia bei ya injini, nikaacha kucheka.

Kwa hiyo nikikuuliza maswali leo, usikasirike. Gari lako linakunywa oili? Usinijibu "kidogo". Lijaze mpaka alama, tembea kilomita elfu moja, vuta kijiti utazame. Ukiona oili imepungua lita nzima, hilo sega hata ukiliweka jipya la dhahabu utaliua tena.

Halafu plagi. Hapa nataka tukae, kwa sababu magari mengi ya vijana wa mji huu yanafia hapa. Injini yako ina pistoni nne. Plagi moja ikichoka, au koili yake, pistoni moja haiwashi. Injini inamisi. Wewe unasikia mtikisiko kidogo ukisimama kwenye foleni, unaongeza sauti ya redio. Lakini petroli iliyoingia kwenye pistoni ile haikuungua. Inasukumwa mbichi kwenye ekzosi, inafika kwenye sega, na sega kazi yake ni kumalizia kuunguza. Linaiunguza. Kwa kawaida sega hufanya kazi kwenye joto la digrii 400 mpaka 600 hivi. Sasa linapokea petroli mbichi kila dakika, joto linapanda na kupanda, mpaka kauri inayeyuka na kugandamana kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Ukipita usiku unaweza kuliona linang'aa jekundu chini ya gari. Ukiliona hivyo zima injini, na usiegeshe juu ya nyasi kavu wakati wa kiangazi cha jilaal. Hata sega zima huwa na joto la kuwasha nyasi.

Plagi nne, mwanangu. Bei yake na bei ya sega hazikai kwenye sentensi moja.

Na mafuta? Unanunua wapi? Nakuuliza kwa sababu nakujua. Kuna petroli ya kituoni na kuna petroli ya mtungi kando ya njia, iliyokaa juani, iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei zikaribiane na watu wakose faida ya kuchanganya. Ilisaidia. Lakini mtungi unabaki mtungi, na anayekuuzia hatakuwepo siku sega litakapoziba.

Mengine nitayapita upesi. Jiwe la barabara ya Dadaab likipiga sega kwa chini, kauri huvunjika, na vipande hujipanga vikaziba njia. Maji ya rejeta yakivuja ndani ya injini huliharibu. Na maji ya mvua pia. Unakumbuka Novemba 2023, Tana ilipofurika na barabara ya Madogo ikamezwa? Kabla njia haijakatika kabisa, mtoto wa ndugu yangu alipita kwenye maji na gari lililotoka Nairobi bila kupumzika. Sega lilikuwa moto, maji yalikuwa baridi. Mwagia maji chungu kilichotoka mekoni uone. Wiki mbili baadaye gari likaanza kulia kama debe lenye kokoto.

Sasa tuseme unataka kujua kweli kama limeziba. Usikubali jibu la nyundo peke yake. Nyundo inaweza kukwambia kwamba kauri imevunjika, kwa ule mlio wa kokoto, lakini haijui kuziba. Na mashine ya kompyuta isikutishe. Wakikuonyesha namba P0420, namba hiyo inasema sensa ya nyuma ya sega haioni kazi inayotakiwa kufanyika mbele yake. Haisemi limeziba. Inaweza kuwa sega limechoka, inaweza kuwa sensa yenyewe, inaweza kuwa ekzosi inavuta hewa kwenye ufa. Nimeona watu wamekata sega zima kwa sababu ya sensa mbovu.

Kuna njia ya uhakika na ni rahisi. Fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya sega, na mahali pake afunge geji ya presha. Geji hiyo inasoma kwa kipimo kilekile cha tairi. Tairi lako unajaza 30 na zaidi, sivyo? Hapa injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, isizidi moja na nusu. Ikikanyagwa mpaka mizunguko 2,500, isizidi 3. Ikipanda kupita hapo na kuendelea kupanda, kuna kizuizi. Anayesema hana geji, basi afungue ile sensa ya mbele aache tundu wazi kidogo, au alegeze maungio ya bomba kabla ya sega, mwendeshe hatua chache hapahapa uwanjani. Litapiga kelele, majirani watakutukana. Nguvu ikirudi, njia imeziba baada ya hapo. Nguvu isiporudi, umeokoa sega lako, nenda katazame pampu ya mafuta, chujio, plagi. Mimi ningeokoa injini nzima kwa jaribio hilo na maswali mawili ya oili.

Tuseme limeziba. Ni masizi au limeyeyuka? Kama ni masizi, kwa sababu gari linatembea mwendo mfupi tu, Bulla Iftin hadi sokoni na kurudi, na umeshatengeneza plagi, lipeleke njia ndefu. Twende wote hadi Ukasi, mwendo wa kutosha na usio wa kichaa, lipate joto liunguze masizi. Mara nyingine hupona. Zile chupa za dawa za kumimina kwenye tangi zinaweza kusaidia masizi mepesi, sizikatai, sizisifu. Lakini kauri ikishayeyuka hakuna dawa, sabuni, wala maji ya kuiloweka. Imekufa. Inahitaji nyingine.

Hapo utaniambia pesa. Ndiyo. Najua bei, na najua mfuko wako. Ndiyo maana nimekuweka kwenye plagi na oili muda wote huu, huko ndiko pesa zinakookolewa. Ukinunua la mitumba, limulike kwa tochi upande mmoja, utazame upande wa pili. Mwanga upite kwenye matundu yote sawasawa. Lipime uzito mkononi, kwa sababu kuna wanaouza ganda tupu lililochomelewa vizuri na kupakwa rangi ya fedha. Na usikubali lile lako la zamani libaki gereji bila mazungumzo. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 25,000, zaidi ya mara kumi ya bei ya dhahabu. Bei imeshuka tangu siku hizo, lakini wanunuzi wa vyuma bado wanazunguka mpaka huku kwetu kutafuta vipande vya kauri. Mmoja wao alikuja kuchukua vipande vya sega langu, akaniachia noti mbili, nikamshukuru. Fundi akikwambia atakukatia bure, muulize hiyo bure analipwa na nani.

Ukiniuliza kama kuna siku ya kulitoa, sitakudanganya. Ukikwama kati ya Modogashe na Habaswein, gari limeziba halisogei, jua limesimama kichwani, maji yamebaki lita mbili, legeza bomba, fungua madirisha yote, fika panapokaliwa na watu. Mimi ningefanya hivyo na nisingeomba radhi kwa mtu. Lakini hapo utakuwa umevuka shida, na ukifika utarudisha. Kulitoa ili kutembea hivyo mwaka mzima na abiria ndani, hilo silitaki kwako.

Wenzako wanasema hapa kwetu kuna upepo, jangwa ni kubwa, moshi wa Probox moja utaumiza nani. Nami nilisema hivyo. Siku moja nilipokuwa sina gari, lile la Mwingi likiwa bado vipande, nilikaa chini stendi nikisubiri basi. Sikuwa nimewahi kukaa chini pale, siku zote nilikuwa juu kwenye usukani. Kando yangu walikaa akina mama wa maziwa, wamepanga madumu yao, na watoto migongoni. Matatu moja ikarudi kinyumenyume ikasimama, injini inanguruma, dereva anasubiri ijae. Bomba lake lilikuwa sawasawa na uso wa mama mmoja. Hakusogea, angesogea wapi? Aliinua tu mtandio wake akamfunika mtoto. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na tangu 2014 kuna kanuni za hewa juu ya moshi wa magari. Sijui kama yule mama aliwahi kusomewa. Mimi nilizisoma baadaye, nikamkumbuka yeye na mtandio wake.

Kuhusu Land Cruiser ya mjomba wako usijisumbue. Ile ya dizeli ya zamani haina sega. Dizeli mpya zina yao, zina kichungi cha masizi kinachojisafisha chenyewe zikikimbia, hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mpigie fundi wako. Mwambie kwa adabu, usimvunjie heshima, kwamba saa nne hutakuja, utakuja keshokutwa, na awe na geji. Kama hana, dukani mjini zipo, nitachangia nusu. Mwambie pia kuhusu oili, umwambie ukweli ambao mimi sikumwambia wangu.

Mzigo wa Dadaab mpe mwenzako aupeleke leo. Utakosa pesa ya siku mbili, najua. Funguo ziache hapa mezani, injini ipoe. Kesho baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijashika bati, tutafungua boneti tutoe plagi moja moja tuzitazame rangi. Tochi utanishikia wewe.